Kupishana Hewani

Habari ya kifo cha Konsolata ilinikuta jikoni nikiosha vyombo. Simu ililia juu ya meza, nikafuta mikono, nikasoma ujumbe wa mpwa wake: shangazi amefariki jana kule Mbinga, mazishi ni kesho. Niliiweka simu chini nikarudi kwenye sufuria iliyokuwa imeshika ukoko, nikaisugua mpaka ikang'aa. Mume wangu aliporudi nilimwambia rafiki yangu wa zamani amefariki. Akauliza ni yupi, nikasema humjui, akasema pole, tukala. Sikulia. Si kwamba nilijizuia. Kilio hakikuwepo, kama bomba linalofunguliwa likatoa upepo tu. Wiki hiyohiyo chuo kikuu kilikuwa kimetualika sisi wapima ardhi wastaafu kumsikiliza mhadhiri kijana akieleza vifaa vipya vya kupima umbali kwa mawimbi ya redio. Alisema vifaa hivyo hutuma mapigo mafupi mno, tena kila kimoja kina mpangilio wake wa kuyatawanya, kwa hiyo hata vikijaa katika ukumbi mmoja havivurugani sana. Pigo moja likigongana na la jirani, yanayofuata yatapishana. Aliuchora mpangilio huo ubaoni, vidoto vya rangi mbili. Wenzangu walipiga makofi. Mimi niliona punje za mahindi na maharage juu ya meza ya chumba kimoja Makole, Dodoma, na mkono wa Konsolata ukizisogeza.

Mwaka ninaotaka kuusimulia ni wa siku za ruksa, biashara binafsi ilipoanza kuruhusiwa, maduka yalipoanza kujaa na ofisi za serikali zilipoanza kumwaga watu. Nilifika Dodoma kwa treni nikiwa na sanduku moja na cheti cha fundi sanifu wa upimaji, miezi michache baada ya kumzika mwanangu. Aliishi muda mfupi. Baba yake hakuja mazikoni. Zaidi ya hayo sina la kusema hapa, na wakati ule sikumwambia mtu hata hayo. Nilipangishwa chumba mtaa wa Kikuyu, katika nyumba yenye ua wa pamoja, dirisha langu likitazama ukuta wa jirani kwa karibu kiasi kwamba nikinyoosha mkono ningeugusa. Kilikuwa na kitanda cha kamba, meza, na msumari mmoja wa kutundikia nguo. Mwenye nyumba, Mama Grace, alikaanga maandazi alfajiri, na mimi nililala nikisikiliza mafuta yakichemka na wapangaji wakigombania zamu ya bafu. Kila asubuhi aliniletea andazi kwenye kisahani. Nililila kwa kuwa lilikuwa mbele yangu. Nikimkumbuka Salma yule niliyekuwa mimi, wa umri wa miaka ishirini na kitu, namwona kama mtu aliyevaa nguo za mtu mwingine: anakwenda zinakokwenda.

Mwajiri wangu alikuwa Bwana Mwakyoma, mpima ardhi aliyeacha kazi serikalini akafungua kampuni yake mara tu iliporuhusiwa. Alikuwa mtu wa haraka. Alikula amesimama, aliongea akitembea, na alivaa kofia ya kijani hata ndani ya ofisi, ambayo ilikuwa sebule ya nyumba yake. Alikuwa amepata kandarasi ya kupima viwanja vya viwanda upande wa Ihumwa, karibu na reli, na alikuwa amenunua mashine mbili za kupimia umbali zilizokwisha kutumika nchi nyingine. Zilifanana na redio kubwa zilizofungwa bakuli mbele. Moja ilikaa juu ya kilima kimoja, nyingine juu ya kilima cha mbali. Ya kwanza ilituma wimbi, ya pili ikalirudisha, na kutokana na muda wa wimbi kwenda na kurudi tulijua umbali. Mshale wa saa yake ukitulia, unasoma. Mashine zile zilikuwa na jambo jingine zuri: wapimaji wawili waliweza kuongea kupitia wimbi lilelile, kwa kuvaa visikilizio masikioni. Upande wa pili wa mstari wangu alikuwa Elia Chibago, kijana wa Kigogo wa rika langu, mwimbaji wa kwaya ya kanisa lao, aliyeanza kila siku kwa salamu ileile. "Mbukwa, dada. Jua limeniona?" Nami nilijibu, "Limekuona, Elia, twende kazi." Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu marefu zaidi kwa siku nyingi.

Siku tuliyokuwa tunapima mstari mkubwa, ule ambao mistari mingine yote ingeutegemea, mshale haukutulia. Ulitikisika kama unaogopa. Ulisimama mahali pamoja, ukaruka, ukasimama pengine. Nikageuza swichi, nikarudia. Ndipo sauti ya mwanamke ikaingia masikioni, nzito, karibu kabisa, kana kwamba amekaa begani kwangu. "Nani huyo? Hebu toka kwenye wimbi langu!" Nikaiachia swichi. "Nakusikia unavyopumua. Wewe ni nani?" Nikasema mimi ni Salma, fundi wa Bwana Mwakyoma. "Haya Salma wa Bwana Mwakyoma, mimi ni Konsolata wa serikali, na tangu asubuhi mnanichezeshea mshale. Mimi na wewe tunapima uwanda mmoja kwa mashine za aina moja. Hujaambiwa?" Sikuwa nimeambiwa. Nilimgeukia Bwana Mwakyoma, aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha Landrova, nikamweleza kwamba kuna watu wengine hewani na mshale hautulii. Akatazama jua. "Umesoma mara ngapi?" Nikamwambia. "Chukua wastani, andika, tushuke." Nikasema wastani wa namba zinazopishana hivi hauaminiki. "Binti, hapa tunalipwa kwa kazi iliyokwisha. Andika." Akaja mwenyewe, akasoma mshale mahali uliposimama, akaandika kwa mkono wake.

Kutokana na namba ile mawe ya mipaka yalipandwa. Moja liliangukia ndani ya ua wa Mama Nyemo. Nyumba yake ilikuwa tembe, ya udongo na paa bapa, ng'ombe wachache wakilala upande mmoja na watu upande mwingine. Mpaka ulipita kati ya mlango wake na ghala la uwele, na siku ya pili watu wakaja wakachora alama nyekundu ukutani. Tulipofika na Elia kukagua jiwe, Mama Nyemo alikuwa amekaa kizingitini akinyonyesha mtoto wa miezi kadhaa. Alikuwa mwanamke mwembamba, kijana bado, na Kiswahili alikitoa polepole akichagua neno. "Mbukwenyi," alitusalimu. Kisha akauliza, si kwa hasira, "Hiyo alama, maana yake tuhame lini?" Elia alimjibu kwa Kigogo, wakazungumza kwa muda, naye akatikisa kichwa kila baada ya neno. Halafu akasimama aende kutuletea maji, na kwa kuwa Elia alikuwa ameshika mnyororo wa kupimia, akanipa mimi mtoto. Hakuuliza, aliniwekea tu kifuani. Nilimshika. Alikuwa wa moto, kichwa chake kinanuka moshi na maziwa. Nilisubiri kitu kitokee ndani yangu na hakikutokea. Nilisimama tu nimeshika uzito ule, nikitazama alama nyekundu ambayo rangi yake ilikuwa imechuruzika mpaka chini. Mama Nyemo aliporudi na kata ya maji nilimrudishia mtoto, nikanywa, nikasema asante.

Kesho yake tulikuwa vilimani tena na Konsolata alikuwa hewani. Sasa tulikuwa tunasikizana kila siku, ama tutake ama tusitake. Nilisikia akimgombeza mwenzake wa kilima cha pili, nilisikia akicheka, nilisikia akitafuna karanga. Siku hiyo aliniambia, "Salma, leo sauti yako imekaa vibaya." Nikamweleza habari ya tembe na alama nyekundu, nikamwambia na mtoto. Nilisimulia kama mtu anayesoma tangazo. Nikasikia ameacha kutafuna karanga. Kisha akauliza, "Wewe uliwahi kuzaa?" Upepo ulikuwa unavuma kwenye miguu ya mashine. Nikasema, "Niliwahi." Hakuuliza yuko wapi. Alisema, "Pole, mdogo wangu," na kukafuata mchirizo wa redio, ule mlio wa mchele unaomwagika kwenye ungo. Baadaye akasema, "Jumapili njoo Makole ule. Ulizia nyumba yenye geti la bluu. Uje na njaa."

Nilikwenda. Sijui kwa nini nilikwenda. Pengine kwa sababu nilikuwa nimeambiwa niende. Chumba cha Konsolata kilikuwa na kila kitu ambacho changu hakikuwa nacho: viti viwili vyenye vitambaa vya kufuma, picha ya Moyo Mtakatifu, kabati la kioo lenye vikombe visivyotumika, redio iliyofunikwa leso. Yeye mwenyewe alikuwa mnene kuliko sauti yake, amenizidi kama miaka kumi, na nywele kazisuka twende kilioni. Nilimwamkia shikamoo, akaniambia nimwite dada Konso na niache kumzeesha. Alipika ugali na dagaa wa Nyasa waliotumwa kutoka kwao, wenye pilipili na limau, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Dodoma nilijua ninachokula kina ladha gani. Sisemi nilifurahi. Nasema tu nilijua kina chumvi, kina limau. Ukuta kati ya chumba chake na cha pili ulikuwa wa mbao laini, na huko waliishi makarani wawili waliokuwa wakizungumza bila kushusha sauti. "Nasikia kupunguza watu idara yetu wanaanzia na wale wa masijala," mmoja alisema. "Na madereva," mwenzake akajibu. "Kila mtu anasema wanaanzia kwa mwingine." Konsolata aliinua macho akatazama ukuta, kisha akaniongezea dagaa.

Tulipomaliza kula alifuta meza, akatoa kwenye kopo punje za mahindi na za maharage. "Mimi mahindi, wewe maharage," akasema. Alikuwa amelifikiria jambo hili siku nyingi. Wakubwa wetu walikuwa wamekataa kupatana: Bwana Mwakyoma alisema hawezi kusubiri serikali, na bosi wa Konsolata alisema hewa ni ya serikali, kampuni ndiyo ipishe. Kwa hiyo ilibidi tupatane sisi wenyewe. Mimi nilipendekeza zamu, yeye asubuhi na mimi mchana. Akatikisa kichwa. "Gari lenu likiharibika asubuhi, zamu yako inaingia kwenye yangu. Yule Elia wako akichelewa kupanda kilima, tumevurugika siku nzima. Umeona foleni ya bomba hapa uani? Mmoja akichelewa na ndoo, wote wamechelewa." Tena kulikuwa na kundi la tatu, wageni wa kampuni ya barabara, ambao tuliwasikia kwa mbali wakiongea lugha tusiyoijua na ambao tusingeweza kupatana nao kabisa. Basi akapanga punje. Badala ya kila mmoja kukamata hewa kwa muda mrefu, kila mmoja angepima kwa vipande vifupi, akinyamaza katikati. Mapumziko yasilingane: mafupi, marefu, mafupi tena, kila mmoja na mpangilio wake aliouzoea. Alisogeza safu ya maharage chini ya safu ya mahindi. Mahali pamoja punje mbili zilikutana. "Hapo tumegongana," akasema, "lakini angalia: zinazofuata zimepishana. Kipimo kilichogongana kitaruka peke yake, kitajitenga na wenzake, wewe utakiacha. Hata hao wa barabara wakituingilia, watatuharibia kimoja kimoja, hawawezi kutuharibia vyote." Nilizitazama punje. Nikauliza, "Na mimi nikisahau mpangilio wangu?" Akacheka. "Uimbe moyoni. Mimi wangu ni wa wimbo wa ekaristi."

Wangu niliuweka kwenye pumzi. Kupima, pumzi mbili; kupima, pumzi tano; kupima, moja; na kuendelea hivyo. Elia mwanzoni alilalamika kwamba namkatiza katikati, nikamweleza, akaelewa upesi kwa sababu ya kwaya. "Ni kama sauti ya tatu," akasema, "inanyamaza ili ya kwanza isikike." Mshale ulianza kutulia. Si kila mara; mara kwa mara uliruka, na nilijua hapo nimekutana na Konsolata au na wale wageni, nikakiacha kipimo hicho, nikaendelea. Tuliurudia mstari mkubwa bila kumwambia Bwana Mwakyoma, katika siku alizokuwa mjini akifuatilia malipo yake. Namba mpya zilishikana zenyewe kwa zenyewe, na zilipishana na ile ya kwanza. Mstari ulikuwa mfupi kuliko tulivyoandika. Kwa hesabu mpya, mpaka ulipaswa kupita nyuma ya zizi la Mama Nyemo, si mbele ya mlango wake.

Nilimwambia Bwana Mwakyoma habari ya mstari na ya tembe tukiwa kilimani, asubuhi, alipokuwa anashuka kwenye gari. Alinisikiliza akiwa ameshika mlango. "Ramani nimeshaipeleka," akasema. "Unajua maana yake kurudisha ramani? Watasema hizi kampuni binafsi hazijui kazi. Kuna watu wanasubiri kusema hivyo." Nikasema namba mpya zinashikana. "Namba zako wewe." Nikasema na timu ya serikali imeupima mstari huohuo. Akacheka kidogo, bila furaha. "Na serikali watatupa sisi namba zao?" Sikuwa nimepanga chochote na Konsolata. Lakini visikilizio vilikuwa shingoni kwangu na wimbi lilikuwa wazi, na tukasikia sauti yake ikitoka ndogo, kama ya mdudu kwenye kopo: "Salma, mpe huyo bwana avae." Bwana Mwakyoma alinitazama, akavitazama, akavivaa juu ya kofia yake ya kijani. Mimi nikasogeza sikio karibu.

"Shikamoo bwana," Konsolata alisema.

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Konsolata Ndunguru, fundi sanifu, upande wa serikali. Nimekusikia ukisema hatutatoa namba. Taja yako."

Bwana Mwakyoma hakuitaja ya kwanza. Alinyoosha mkono, nikamtajia mpya, naye akairudia kwenye kipaza sauti, tarakimu moja moja. Kukafuata mchirizo ule wa mchele, halafu Konsolata akataja yake. Zilitofautiana kwa kiasi cha upana wa kiganja, katika mstari wa kilomita nyingi.

"Bosi wako anajua unazungumza na mimi?" Bwana Mwakyoma aliuliza.

"Hajui. Wewe umejua, inatosha."

Alivua visikilizio akavishika mkononi kwa muda. Nilidhani atagomba. Alisema tu, "Unamjua mwenye hiyo tembe?" Nikasema ni mama mmoja mwenye mtoto mchanga. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu. Kisha akamwita dereva, akaenda mjini kurudisha ramani, na alipokuwa anaondoka alisema kupitia dirishani, "Jiwe litoke leo." Simdharau mtu yule. Nimefanya kazi na wengi baada yake ambao wasingegeuka.

Elia na mimi tuliling'oa jiwe mchana wa jua kali, Mama Nyemo akiwa amesimama na jembe mkononi akitutazama. Tulipolipanda upya nyuma ya zizi, alikwenda akalizunguka, akaligusa kwa mguu kuhakikisha kwamba limesimama. Akauliza, "Na hii alama ukutani?" Elia akamwambia apake udongo juu yake. Akaufinyanga udongo palepale, akaipaka, na ukuta ukabaki na kiraka chenye unyevu. Alitupa mlenda na ugali wa uwele, tukala kwenye kivuli cha paa. Alisema neno la Kigogo ambalo Elia alilitafsiri kuwa ni shukrani, lakini baadaye njiani alisema lilikuwa zaidi kidogo ya hivyo, na hakupata Kiswahili chake. Mimi nilikuwa nimekaa na mikono yangu magotini. Nilijua kwamba jambo jema limetendeka na kwamba nilikuwa na sehemu ndani yake. Nililijua kama ninavyojua jina la mkoa.

Kupunguzwa kulifika idara ya Konsolata mwisho wa kiangazi. Waliitwa ofisini mmoja mmoja, na waliotoka wakiwa wamefunga mlango taratibu ndio waliojulikana kuwa wamepunguzwa. Aliniambia hewani, katikati ya kipimo, kwa sauti ileile ya kila siku. "Mdogo wangu, nimepunguzwa. Na mashine zetu zinaingizwa stoo. Leo ni siku yangu ya mwisho ya kukusumbua." Nilimuuliza kama ni kwa ajili ya namba alizotupa. "Wangejuaje? Ningepunguzwa tu. Wameondoa kikosi kizima, hata yule bosi aliyesema hewa ni yake." Nikamwambia nitakwenda Makole kumsaidia kufunga vitu. Nilikwenda. Tulifunga vikombe visivyotumika katika magazeti, kimoja kimoja. Nyuma ya ukuta wa mbao palikuwa kimya. Wale makarani walikuwa wamekwisha kuondoka. Konsolata alikuwa akiongea muda wote, habari za kahawa ya kwao, habari za kaka yake mwenye mashine ya kusaga, mpaka alipofika kwenye redio. Hapo akakaa kitandani. "Nimefanya kazi hii tangu nikiwa msichana," akasema. "Sijui kupanda kahawa, Salma. Sijui kabisa." Nikakaa karibu naye. Nilitaka kusema neno, na maneno niliyoyapata yote yalikuwa ya watu wengine, ya misibani. Nikamshika mkono. Tulikaa hivyo mpaka jua likaondoka dirishani, kisha akaupangusa uso wake kwa ncha ya khanga na kusema, "Haya, lete kamba."

Nilimsindikiza kituo cha basi la Iringa, njia ya kwao, asubuhi, yeye na sanduku na viti vyake viwili vilivyofungwa juu ya paa. Alikuwa amevaa gauni la kanisani. Kabla ya kupanda alinishika mashavu kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, kama anavyoshikwa mtoto anayekataa dawa. "Mwanao aliitwa nani?" akaniuliza. Hakuna aliyekuwa ameniuliza hilo, wala kwetu, wala popote. Nikamtajia jina. Alilirudia mara moja, vizuri, kisha akapanda basi. Nilisimama pale mpaka vumbi likatulia. Halafu nikaenda kazini.

Siku ile Bwana Mwakyoma naye alikuja kilimani. Wageni wa barabara walikuwa wamehamia mbele, upande wa Morogoro, na mashine za serikali zilikuwa stoo. Nilivaa visikilizio, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mstari mkubwa hewa haikuwa na mtu mwingine. Mshale ulikwenda mahali pake ukasimama, bila kutikisika hata kidogo. "Umeona?" Bwana Mwakyoma alisema nyuma yangu, amefurahi kweli. "Hewa safi. Leo tutamaliza mistari yote." Nilipima, nikanyamaza. Nikapima, nikanyamaza zaidi.

"Dada," Elia akasema kutoka kilima cha pili, "mbona unanyamaza katikati?"

"Naacha nafasi."

"Nafasi ya nani? Tuko peke yetu."

Nilijua kwamba tuko peke yetu. Mbele yangu uwanda ulikuwa mweupe kwa jua mpaka kwenye reli, na hapakuwa na mtu niliyeweza kumvuruga. Nilivuta pumzi moja, ya pili, ya tatu, mpaka zote tano zikapita, kisha nikamwambia Elia tuendelee.